Programu Inasema Hivi, Barabara Inasema Vile: Utatuzi wa Matatizo katika Uchambuzi wa Makutano

Matatizo yaliyo hapa ndiyo yanayojirudia kwa watumiaji wa SIDRA INTERSECTION, Synchro, Vissim, SUMO na programu nyingine za kupima utendaji wa makutano ya barabara. Yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi hutangulia. Karibu mara zote kosa huwa kwenye namba zilizoingizwa. Linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni kuhesabu magari yaliyopita na kuyaita magari yaliyotaka kupita, ndiyo maana dalili ya kwanza imepewa nafasi kubwa.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya faili, kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike umebadilisha nini. Mtu anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja hupata jibu zuri asilojua limetoka wapi. Kisha kagua haya matatu, ambayo hayachukui hata dakika kumi:

- Upande wa kuendeshea. Faili ikiwekwa kulia wakati magari yanatembea kushoto, mkondo unaokata mbele ya magari yanayokuja huonekana hauna mpinzani. Katika SUMO, mtandao wa barabara za kushoto lazima utengenezwe kwa chaguo la --lefthand ndani ya netconvert, chombo chake cha kutengeneza mtandao.
- Vipimo. Upana wa njia wa mita 3.5 ukisomwa kama futi 3.5, programu hukata uwezo wa njia au hukataa kabisa. Kasi nayo ikague: kilomita kwa saa au maili kwa saa?
- Toleo la mbinu. Andika ni toleo gani la Highway Capacity Manual (HCM), mwongozo wa Marekani wa kupima uwezo wa barabara, au mbinu gani nyingine imechaguliwa. Litahitajika baadaye.

Dalili ya 1: Programu inasema makutano yana nafasi, barabarani foleni haiishi

Uwiano wa mahitaji kwa uwezo unasoma 0.95, kiwango cha huduma (herufi A hadi F, A ikiwa bora na F mbaya kabisa) ni D, lakini saa ya kilele magari yanasubiri mizunguko mitatu ya taa kabla ya kupita.

*Sababu ya kwanza: hesabu imefanywa kwenye mstari wa kusimama.* Mkono (barabara moja inayoingia kwenye makutano) uliozidiwa hauwezi kupitisha magari kuliko uwezo wake. Kwa hiyo ukihesabu yanayovuka mstari, unachopima ni uwezo wenyewe. Ukiuingiza kama mahitaji, uwiano utakaa chini kidogo ya 1.0 hata kama foleni imefika kilomita mbili nyuma. Programu haina namna ya kuyajua magari ambayo hukuyaandika.

Ukaguzi ni rahisi. Hesabu magari yaliyo kwenye foleni mwanzoni na mwishoni mwa kila dakika 15. Mahitaji ni yaliyopita, ukijumlisha ongezeko la foleni. Tuseme ndani ya dakika 15 yamepita magari 210, foleni ilianza na magari 12 na ikaisha na 47. Mahitaji ni 210 + 35, yaani 245. Kwa saa hiyo ni kasi ya magari 980, wakati hesabu ya mstari ingekupa 840. Tofauti hiyo ya magari 140 inatosha kuushusha mkono kutoka D hadi F.

Foleni ikiwa ndefu kiasi kwamba mkia wake hauonekani, weka mhesabuji wa pili nyuma ya mkia, mahali ambapo magari bado yanatembea kwa kasi yake ya kawaida. Anza kuhesabu kabla foleni haijajengeka, maliza ikishayeyuka. Wahesabuji wasisimame kwenye kisiwa cha katikati wala ukingoni bila fulana za kuakisi mwanga. Kama hakuna mahali salama pa kusimama, tumia kamera.

*Sababu ya pili: makutano ya mbele ndiyo yanayozuia.* Simama utazame taa ikiwa ya kijani. Kama magari hayasogei ilhali taa inaruhusu, tatizo haliko hapo ulipo. Programu inayochambua makutano moja peke yake hudhani kwamba kila gari likishavuka mstari lina pa kwenda. Hapo unahitaji kuchambua makutano yote mawili kama mtandao, au kutumia programu ya uigaji kama Vissim au SUMO. Usijaribu kulitibu kwa kushusha uwezo wa njia hadi foleni ifanane, kwani modeli hiyo itakudanganya pindi utakapojaribu suluhisho kwenye makutano ya mbele.

*Sababu ya tatu: mtiririko kamili wa kijani umeachwa kama ulivyokuja na programu.* Huu ni idadi ya magari ambayo njia moja ingepitisha kama taa ingebaki ya kijani saa nzima na foleni isikatike. HCM huanzia magari madogo 1,900 kwa saa kwa kila njia katika miji mikubwa, na 1,750 kwingineko. Kwenye makutano yenye magari ya abiria yanayosimama karibu na taa, lami iliyobomoka au watembea kwa miguu wanaokatiza, namba hiyo hufikiwa kwa nadra.

Ipime mwenyewe. Chagua njia yenye foleni ya magari manane au zaidi taa inapowaka kijani. Anzisha saa gari la nne linapovuka mstari wa kusimama, isimamishe linapovuka la mwisho kati ya yale yaliyokuwa yamesimama. Magari manne ya kwanza huachwa kwa sababu madereva bado wanaondoka na muda kati yao ni mrefu. Kama la nne limevuka sekunde ya 9.8 na la kumi na nne sekunde ya 31.8, magari kumi yametumia sekunde 22. Ni sekunde 2.2 kwa kila gari, na 3,600 gawanya kwa 2.2 ni takriban 1,636. Rudia kwa mizunguko isiyopungua 15, uchukue wastani. Jihadhari na jambo moja: 1,636 hii tayari imebeba athari za malori, upana na mteremko wa mahali pale, hivyo usiiruhusu programu ipunguze tena kwa sababu zilezile.

*Sababu ya nne: njia hazitumiki sawasawa.* Njia mbili za kwenda mbele zinaweza kubeba asilimia 70 kwa 30 kwa sababu moja inaishia mita 150 mbele, au kwa sababu wengi wanajipanga kukata kwenye makutano yanayofuata. Hesabu kwa njia, usiishie kwenye mkono mzima. Kagua pia njia fupi ya kukata: ikijaa, mkia wake hufunga njia ya kwenda mbele, na ukiiingiza kama njia ya urefu usio na mwisho modeli haitaliona hilo.

*Sababu ya tano: kigezo cha saa ya kilele kimewekwa 1.0 na namba ni za saa nzima.* Kigezo hiki ni magari ya saa, gawanya kwa mara nne ya dakika 15 zenye magari mengi zaidi. Magari 1,200 kwa saa yenye dakika 15 za magari 375 hutoa 0.80. Maana yake ndani ya dakika hizo 15 barabara ilibeba kasi ya magari 1,500 kwa saa, na hizo ndizo zinazozaa foleni.

Dalili ya 2: Programu inasema F, barabarani magari yanapita vizuri

Mara nyingi ni kigezo hichohicho cha saa ya kilele kimetumika mara mbili. Mtu amezidisha dakika 15 za kilele kwa nne akapata 1,500, kisha akaacha 0.80 kwenye kisanduku, na programu ikagawanya tena ikapata 1,875. Ukiingiza kasi ya dakika 15, kigezo kiwe 1.0. Ukiingiza magari ya saa nzima, kiwe kile ulichopima.

Inayofuata ni mpangilio wa taa usio wa kweli. Mpangilio uliomo kwenye michoro ya zamani si lazima uwe ndio unaofanya kazi leo. Chukua saa, pima mizunguko mitano hadi kumi ndani ya kipindi kilekile ulichohesabu magari. Kagua pia programu inataka nini kwenye kisanduku cha kijani: nyingine hutaka kijani tupu, nyingine hutaka awamu nzima (zamu ya mikondo inayoruhusiwa pamoja) ikiwa na njano na nyekundu ya pande zote. Makosa ya sekunde tano kwa awamu, kwenye taa ya awamu nne, ni sekunde 20 za uwezo zilizopotea kwenye karatasi tu.

Pikipiki ni sababu ya tatu, na kwenye barabara zenye pikipiki nyingi hupanda ikawa ya kwanza. Zikihesabiwa kama magari madogo, mahitaji huvimba. Pikipiki hupenya hadi mbele ya foleni na nyingi hutoka ndani ya sekunde za mwanzo za kijani bila kuchukua nafasi ya gari. Zipe thamani iliyopimwa mahali hapo: pima muda wa foleni zenye pikipiki chache na zenye nyingi, uone kila pikipiki inaongeza sehemu gani ya muda wa gari dogo.

Kwenye makutano yasiyo na taa, angalia mwanya wa chini ambao dereva wa barabara ndogo anaukubali. Thamani za HCM zilitokana na madereva wa Marekani. Mahali ambapo madereva huingia kwenye mianya mifupi zaidi, modeli itaonyesha foleni isiyokuwepo. Pima mianya iliyokubaliwa na iliyokataliwa kwa video kabla ya kubadilisha. Onyo: madereva kukubali mianya mifupi huongeza uwezo kwenye modeli, lakini pia ni ishara ya hatari. Makutano yenye historia ya ajali yasipitishwe kuwa mazuri kwa sababu tu ucheleweshaji umeshuka. Hapo anahitajika mkaguzi wa usalama barabarani.

Dalili ya 3: Ucheleweshaji umetoka na namba ya kutisha, sekunde 400 au 900

Kagua kwanza tarakimu: sifuri iliyozidi, au 1,250 iliyoingia kwenye kisanduku cha mkondo wa jirani. Kama namba ni sahihi, angalia uwiano wa mahitaji kwa uwezo. Ukiwa juu ya 1.0, ucheleweshaji hutegemea sana urefu wa kipindi cha uchambuzi, jambo ambalo wengi hawalitazamii.

Chukua mkondo wenye uwezo wa magari 800 kwa saa na uwiano wa 1.2, taa za muda maalumu. Kwa kanuni ya HCM, sehemu ya ucheleweshaji inayotokana na kuzidiwa na mabadiliko ya nasibu ni kama sekunde 102 ukichambua dakika 15, na kama sekunde 373 ukichambua saa nzima. Barabara ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kwenye saa nzima foleni inaendelea kukua kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usilinganishe ripoti mbili kabla ya kuhakikisha kipindi kinafanana.

Namba za hali hii zisome kama ishara tu. Ukihitaji kujua foleni itayeyuka saa ngapi, gawanya kilele chote katika vipande vya dakika 15 na uhamishe foleni iliyobaki kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kumbuka pia kwamba katika HCM mkondo wenye uwiano unaozidi 1.0 hupewa F hata kama sekunde zake ni chache.

Dalili ya 4: Programu inapendekeza mzunguko wa taa mrefu mno

Kanuni ya Webster ya mwaka 1958 inaeleza sababu: mzunguko bora ni (1.5L + 5) gawanya kwa (1 − Y), ambapo L ni sekunde zinazopotea katika mzunguko na Y ni jumla ya uwiano wa mahitaji kwa mtiririko kamili wa mikondo inayotawala kila awamu. Kwa L ya sekunde 16 na Y ya 0.7, jibu ni kama sekunde 97. Y ikifika 0.9, ni sekunde 290. Ikifika 1.0, hakuna jibu.

Kwa hiyo mzunguko wa sekunde 290 si pendekezo la kutekelezwa. Ni programu inayosema nafasi imekwisha. Hakikisha mahitaji na mtiririko kamili ni sahihi, kisha tazama awamu: je, kuna awamu mbili zinazoweza kwenda pamoja? Kuondoa awamu moja huokoa kama sekunde nne zinazopotea, na mara nyingi hushusha Y pia.

Usiruhusu programu ikate kijani chini ya muda wa mtembea kwa miguu. Barabara ya mita 14, kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, huchukua sekunde 12. Ongeza sekunde 7 za kuanza kuvuka, unapata 19. Wazee na watoto huhitaji zaidi. Kisanduku cha kijani cha chini kikiwa na 5 au 6, programu itakupa mpangilio unaopendeza kwenye skrini na unaomwacha mtu katikati ya barabara.

Dalili ya 5: Programu mbili, makutano moja, majibu mawili

Kwenye kipilefti hii ni kawaida. HCM ya 2010 hutoa uwezo wa mlango wa njia moja kama 1,130 zidisha kwa e yenye kipeo cha −0.001 mara magari yanayozunguka. Toleo la 6, la 2016, hutumia 1,380 na −0.00102. Kukiwa na magari 600 yanayozunguka, la kwanza hutoa kama 620 na la pili kama 748. Ni programu ileile, kisanduku kimoja tu kimebadilika. Mbinu za Uingereza, zinazotegemea upana wa mlango na umbo la kipilefti, zitatoa jibu la tatu.

Pia, sekunde zilezile hupewa herufi tofauti. Sekunde 40 kwenye taa ni D, kwa kuwa D huanzia 35 hadi 55. Kwenye alama ya kusimama ni E, kwa kuwa E huanzia 35 hadi 50. Ukilinganisha "kabla" na "baada" ya kuweka taa, linganisha sekunde, uache herufi.

Na usomapo foleni za Synchro, tazama alama zilizo pembeni ya namba. Alama ya ~ ina maana mahitaji yamezidi uwezo na foleni kinadharia haina mwisho. Alama ya # ina maana foleni ya asilimia 95 inaweza kuwa ndefu zaidi ya iliyoandikwa. Wengi hunakili namba kwenye ripoti na kuziacha alama nyuma.

Dalili ya 6: Kwenye uigaji magari yanatoweka, yanaganda, au matokeo hubadilika kila mara

Kutoweka kuna sababu zilizowekwa makusudi. SUMO huhamisha gari lililokwama kwa sekunde 300, na huandika onyo. Vissim huondoa gari lililosubiri kubadilisha njia kwa sekunde 60. Soma faili ya maonyo kabla ya kusoma matokeo. Yakiondoka machache kwa saa, vumilia. Yakiwa kadhaa mahali pamoja, rekebisha miunganisho ya njia au umbali ambao dereva anaanza kujipanga. Kuzima uhamishaji huo bila kurekebisha chanzo huleta mgando wa mtandao mzima.

Ucheleweshaji ukiwa mdogo kupita kiasi, uliza magari mangapi hayakuingia kabisa. Foleni ikifika mwanzo wa barabara iliyochorwa, mengine hubaki nje na hayahesabiwi. Katika SUMO tazama departDelay, yaani muda ambao gari lilisubiri kuingia, na ukumbuke kwamba tripinfo, faili ya matokeo ya safari, huandika tu magari yaliyomaliza safari, isipokuwa ukiomba vinginevyo. Katika Vissim tazama ucheleweshaji wa magari yaliyosubiri kuingia. Dawa ni kurefusha barabara ya kuingilia hadi foleni yote itoshe.

Mtiririko kamili hauingizwi moja kwa moja kwenye uigaji, bali hutokana na tabia ya madereva. Upime ndani ya modeli kwa njia ileile ya gari la nne. Ukiwa mkubwa kuliko wa barabarani, ongeza umbali wa usalama: katika Vissim ni vigezo vya Wiedemann 74 (modeli ya gari kufuata gari), ambavyo huja na 2.0 na 3.0, katika SUMO ni tau (muda wa kufuatana) na minGap (pengo la chini), ambavyo huja na sekunde 1 na mita 2.5.

Kuhusu matokeo kubadilika, kila mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya modeli) ni siku nyingine barabarani. Endesha mara kumi kwanza. Kama wastani ni sekunde 40, mchepuko wastani ni 6, na unataka kosa lisizidi sekunde 3 kwa uhakika wa asilimia 95, hesabu inakupeleka kwenye mara 18 hadi 21. Matokeo yakiwa yaleyale kabisa kila mara, mbegu haibadiliki. SUMO hutumia ileile hadi uiambie vinginevyo. Ondoa pia dakika 10 hadi 15 za mwanzo, wakati barabara bado inajaa.

Acha, umwite mhandisi

Programu inaishia kwenye skrini. Usifungue kabati la kuongozea taa, wala usimpe fundi muda wa njano au wa nyekundu ya pande zote uliotoka kwenye uboreshaji wa programu. Muda huo hulinda magari yaliyokwisha kuingia kwenye makutano, na hupangwa na mhandisi wa trafiki mwenye mamlaka baada ya kupima kasi, mteremko na upana wa mahali.

Simama pia makutano yakiwa karibu na kivuko cha reli, kituo cha zimamoto au shule; yakiwa na mikono zaidi ya minne au pembe kali; au kama baada ya ukaguzi wote huu foleni ya modeli na ya barabara bado zinatofautiana kwa zaidi ya theluthi. Ukimwita, mpe hesabu za dakika 15 pamoja na urefu wa foleni, mizunguko ya taa uliyoipima, mitiririko kamili ya kila njia, jina na toleo la mbinu, na ile orodha ya mabadiliko uliyokuwa ukiandika tangu mwanzo.